Bubu wa Mlangoni

Amos Threadgold alizaliwa na uso wa msiba. Hakuuomba. Mama yake alikuwa akisema kwamba hata siku ile mkunga alipomwinua, mtoto aliwatazama watu kana kwamba amekuja kuwapa pole. Macho yameteremka, mdomo umeteremka, na mashavu nayo yamefuata njia hiyo hiyo. Ujanani alipocheka, ilibidi uwe unamjua ndipo utambue kwamba anacheka.

Keziah alimjua. Alikuwa dobi, msichana wa mdomo mwepesi, na siku ya kwanza alipomwona pale sokoni Harnsby amekumbatia kabichi, alimuuliza amefiwa na nani. Amos akamjibu hajafiwa, ndivyo alivyo. Keziah alicheka mpaka akashika ukuta. Wakaoana kabla ya mavuno. Baadaye alipenda kuwaambia wanawake wenzake kwamba yeye aliolewa kwa huruma, na kwamba alipokuja kugundua mwanamume mwenyewe hana huzuni yoyote, tayari alikuwa ameshalishwa keki ya harusi.

Walikaa Kichochoro cha Tanuri, chumba kimoja cha juu chenye dirisha moja. Amos alifanya kazi kwenye tanuri la matofali. Walipata watoto wawili, msichana na mvulana, na homa ya koo ikawachukua wote wawili katika msimu mmoja wa baridi. Siku ya maziko Keziah aliongea. Aliwaita kwa majina yao, akawaambia wasiogope, akamuuliza kasisi maswali ambayo kasisi haulizwi. Amos alisimama kando ya kaburi, mikono ubavuni, hakutoa neno.

Aliyetengeneza yale majeneza madogo alikuwa Bwana Mudge, mwenye biashara ya mazishi. Alikuwapo. Aliuona ule uso.

Ndiyo maana miaka kadhaa baadaye, tanuri lilipomaliza mgongo wa Amos na msimamizi akamwambia asirudi tena, Bwana Mudge alituma mtu amwite. Alimzungusha kwenye mwanga wa dirisha kama mnunuzi wa farasi. Akasema sura kama ile haipatikani kwa kuitafuta, na kwamba yeye tangu siku ya wale watoto hajaisahau. Amos aliipokea kazi. Ila hilo la watoto hakumwambia mkewe kamwe. Alisema tu kwamba Mudge amemhurumia kwa sababu ya mgongo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kwetu, mtu mwenye nafasi akifa, mlango wake hauachwi mtupu. Wanasimama wanaume wawili, mmoja huku na mwingine kule, wamevaa makoti marefu meusi na kofia ndefu zenye mkia wa kitambaa nyuma, na kila mmoja ameshika fimbo iliyofungwa kitambaa cheusi. Wanaitwa mabubu. Wasiseme, wasicheke, wasigeuze shingo. Waombolezaji wapite katikati yao kama wanavyopita kati ya nguzo. Jeneza likitoka, mabubu wanatangulia mbele ya farasi, hatua pole pole, mpaka kanisani. Nyumba ya msiba huwatolea pombe kali ili damu isigande, na wengi wao hurudi nyumbani wakitegemeana mabega.

Mwenzake Amos, Reuben Stott, alikuwa wa hao. Mtu mnene, mwema, mwenye mzaha. Alisema yeye huwalilia marehemu wote kwa dhati, maana kila mmoja wao amemnywesha. Amos hakuwa mnywaji. Yeye alichopenda ni kusimama. Mgongo uliokuwa umekataa matofali ulikubali kusimama, na akawa anasimama kuliko mtu yeyote pale mjini. Watu walisema Threadgold, hata nyigu amtulie puani, hapepesi. Aliyasikia maneno hayo na yakamwingia. Mtu aliyeambiwa hafai, akiambiwa anafaa, hujifunga hapo.

Wavulana walimfuata njiani wakilia kama kunguru. Keziah ndiye aliyewafukuza, kwa beseni la maji ya sabuni. Vile vitambaa vyeusi vilivyobaki baada ya mazishi alivikusanya, akashona mto, akashona aproni, akashona na pazia la dirisha. Alisema bahati mbaya mumewe hakuwa bubu wa harusi, wangelala kwenye hariri nyeupe.

Sasa pazia. Kwetu dirisha hufunikwa mchana kwa jambo moja tu, kifo. Siku moja Keziah aliamka na kichwa kinamuuma, akaliacha pazia limefunika dirisha hadi jua likapanda. Bi Hester Gadd, jirani wa chini, alikuja mbio na birika la chai, machozi yanamtiririka, akamkuta marehemu amejilaza anakula mkate. Walilicheka jambo hilo miaka. Tangu siku ile kila asubuhi Keziah alilifunga pazia pembeni kwa utepe, na alisema, "Nisipolifunga pembeni, Hester ataniletea birika."

Kisha kifua kikamshika. Kilikuwa kile kikohozi cha wafuaji, kinacholetwa na kutoka kwenye mvuke na kuingia kwenye baridi, na hakikumwachia. Jioni moja, Amos akimsugua mgongo kwa mafuta ya bata, alimwambia jambo. Hakulisema kwa mzaha.

"Zamu yangu ikifika, Amos, usinisimamie."

Amos aliendelea kumsugua.

"Nimekuona ukiwasimamia watu. Mimi uniketie. Uketi hapa kitandani, unishike mkono, na uongee. Tulipowazika watoto uliweka msiba usoni, ukaniachia mimi maneno yote. Safari hii uongee wewe."

Akamuuliza aongee nini. Keziah akamwambia chochote, hata bei ya kabichi. Amos akaahidi. Aliahidi kwa kichwa, na Keziah akamwambia kichwa hakitoshi, aahidi kwa mdomo. Basi akasema, "Nitaketi. Nitaongea."

Lilikuwa jambo dogo. Mtu hawezi kuombwa dogo kuliko hilo.

Theluji ilikuwa imelala mitaani pale alipokufa mzee Ormerod, mwenye viwanda vya pamba. Ulikuwa msiba mkubwa kuliko yote ambayo Mudge aliwahi kupewa. Farasi weusi walikodiwa kutoka mji mwingine, manyoya ya mbuni yakawekwa vichwani mwao. Mudge aliwakusanya watu wake, akawaambia atakayekosa siku hiyo asijisumbue kurudi.

Asubuhi ile Keziah alikunywa mchuzi wa shingo ya kondoo. Aliketi, mto wake mweusi mgongoni, akalipiga koti la mumewe brashi kwa mkono wake mwenyewe. Akamwambia ainame mlangoni, ile kofia itagonga. Bi Hester akaja na ushonaji wake, akakaa kando ya kitanda. Amos aliona hali si mbaya. Au aliona alichotaka kukiona. Alilifunga pazia pembeni kwa utepe, akatoka.

Nyumba ya Ormerod iko upande wa juu wa mji, ngazi zake za mawe, uzio wa reli za chuma mbele. Amos alichukua upande wa kulia na Reuben upande wa kushoto. Magari ya farasi yalianza kufika. Walishuka mabwana wenye viwanda na wake zao, akaja meya, akaja hakimu. Upepo ulikuwa unakata. Macho ya Amos yakaanza kutoa maji kwa ajili ya ule upepo, na kwa kuwa bubu hapangusi, yakawa yanateremka yenyewe mpaka kidevuni. Mama mmoja mwenye shela alimgusa mwenzake mkono, akamwambia kwa sauti ya chini amtazame yule, analia kweli. Amos alisikia. Na moyo wake ulijaa. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, kwamba moyo wake ulijaa.

Hapo ndipo alipomwona Bi Hester.

Alikuwa anapanda mtaa bila shali, bila kofia, aproni ikiwa bado mwilini, viatu vya mbao vinateleza kwenye theluji. Mtaa ule hauoni watu wa aproni isipokuwa nyuma, kwenye mlango wa jikoni. Alifika kwenye reli, akazishika, pumzi inamtoka kama moshi.

"Amos. Keziah anakuita. Njoo sasa hivi."

Amos aliangalia mbele.

Gari moja lilikuwa linasimama. Mtumishi alikuwa anafungua mlango wake. Amos alijisemea, wakishapita hawa. Wakapita. Bi Hester akasogea karibu zaidi, akapunguza sauti, maana hakuwa mwanamke wa kufanya fujo penye msiba wa watu.

"Hana muda, Amos. Anaangalia mlango. Nimekimbia njia nzima."

Reuben, bila kugeuza shingo, alizungumza kwa pembe ya mdomo. Alisema, "Nenda, ndugu yangu. Nitasimama katikati, nani atajua." Harufu ya pombe ilimfikia Amos, na hata wakati ule, Mungu amsamehe, alifikiri kwamba Reuben ataiharibu safu.

Hakwenda. Watu wamekuja kusema alimwogopa Mudge, na ni kweli alimwogopa. Lakini haikuwa hofu peke yake. Miguu ilikuwa imezoea. Shingo ilikuwa imezoea. Tena alikuwa anaona haya, anaona haya kwa ajili ya aproni ya Hester mbele ya magari yale, na haya hiyo ilimshika mahali pake kama msumari. Alijisemea jeneza linatoka sasa hivi. Alijisemea asubuhi amekunywa mchuzi.

Bi Hester alingoja. Kisha alizungumza maneno ya mwisho, polepole.

"Nimeona majiwe yakitoa jasho. Wewe hata jasho huna."

Akateremka mtaa. Amos hakumtazama akienda. Machozi yalikuwa bado yanamtoka na wenye shela walikuwa bado wanayaona, lakini sasa yeye mwenyewe hakujua tena ni ya upepo au ya nani.

Jeneza halikutoka sasa hivi. Askofu alichelewa. Lilipotoka, Amos angeweza kuchomoka, wengine wangedhani ameugua. Lakini mabubu hutangulia. Aliteremka ngazi, akaingia barabarani sambamba na Reuben, fimbo wima, hatua pole pole, na farasi nyuma yao wanatikisa manyoya.

Kutoka kwa Ormerod hadi kanisani njia ni moja, na inapita upande wa juu wa Kichochoro cha Tanuri. Pale mdomoni mwa kichochoro mtu akitazama chini ataona nyumba ya tatu, na dirisha la juu. Amos alijua mahali hapo panakuja. Alikuwa amekaza macho mbele tangu asubuhi, na kama angeendelea kukaza asingeona kitu. Pale tu ndipo alipogeuza shingo. Mara moja, mara ya kwanza tangu aivae ile kofia.

Pazia lilikuwa limefunika dirisha.

Weusi wake wote, dirisha zima, mchana kweupe. Reuben naye alikuwa ameona. Alisema, "Ee Bwana wangu," wazi, kwa sauti ya kawaida, na akapunguza mwendo ili mwenzake atoke. Nafasi ilikuwapo. Kichochoro kilikuwa wazi mbele yake, hakuna hata aliyekiziba.

Amos aliinua mguu, akauweka mbele. Kisha mwingine. Alipita.

Hakuna aliyemshurutisha hatua zile. Kabla ya pale angeweza kusema hakujua.

Alipofika nyumbani, kengele za Ormerod zilikuwa zimeshanyamaza. Bi Hester alikuwa amekwisha kumwosha Keziah, amemvisha gauni lake la kanisani. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Siku ile mwosha alijua na aibu ya aliye hai. Amos alisimama mlangoni na kofia mkononi. Akauliza kama Keziah alisema chochote.

Bi Hester alikunja taulo kwanza. Akamwambia Keziah aliuliza kama mumewe amefika. Na yeye Hester, mwanamke wa kanisa, alimdanganya anayekufa. Alimwambia yuko ngazini, anavua buti asilete theluji ndani. Keziah akatabasamu. Akasema, "Mwambie ainame." Akabaki anasikiliza ngazi. Alikufa anasikiliza ngazi.

"Nilidhani utawahi, na uongo wangu ugeuke kweli," alisema Bi Hester. "Sasa ninao, na umenipa wewe."

Alichukua beseni akashuka. Amos aliketi kitandani, akamshika mkono mkewe. Ulikuwa baridi. Alifungua mdomo aongee. Hakikutoka kitu.

Kesho yake Bwana Mudge alikuja mwenyewe, akapanda zile ngazi mbovu. Hakuwa na habari. Alikuwa amekuja na glavu nyeusi mpya, zawadi kutoka kwa mjane wa Ormerod, kwa yule bubu aliyelia. Alisema mji mzima unamzungumzia, na kwamba familia mbili zimeshamtaja kwa jina, zikimtaka yeye na si mwingine. Ndipo alipomwona Keziah. Akavua kofia. Si mtu mbaya, Mudge. Alipoambiwa alikufa jana saa ngapi, alisema kwa upole kwamba basi yale machozi yalikuwa ya mkewe, na ni jambo la kumtukuza mtu.

Hapo Amos angeweza kuitikia. Ingekuwa hadithi nzuri, mji ungeipenda. Mwanamume anasimama kazini na moyo wake unavuja kwa ajili ya mkewe.

"Ulikuwa upepo," alisema Amos.

Akamrudishia glavu. Akalitungua koti msumarini, akachukua kofia na fimbo, akamrudishia navyo pia. Mudge alimwambia asiwe mpumbavu, kwa mgongo ule atafanya kazi gani. Mudge alishuka amebeba vitu vyake mwenyewe mikononi, na kichochoro kizima kikamwangalia akipita.

Siku ya kumzika Keziah majirani walijaa chumbani na kwenye ngazi. Watu wa Kichochoro cha Tanuri hawawekewi mabubu. Jeneza hushushwa na wanaume wa mtaa, likabebwa kwa mkono. Lakini asubuhi ile watu waliokuwa wanaingia walimkuta Reuben Stott mlangoni pa chini, amevaa koti na kofia ndefu, fimbo mkononi, amesimama kama mti. Hakuna aliyemwita. Hata pombe hakuwa amegusa. Wanawake waliguswa na hilo, wakamwambia Amos ashuke amwone mwenzake, jinsi alivyomheshimu mkewe.

Amos alishuka. Alimtazama Reuben, na Reuben, kwa desturi ya kazi, hakumtazama.

"Toa kofia, Reuben," Amos alisema. "Uingie ndani, uketi. Hakutaka kusimamiwa."

Reuben akaona haya, akavua kofia, akaingia. Wakampa ndoo iliyopinduliwa, akaketi juu yake.

Kisha Amos aliketi kando ya jeneza, kwenye ukingo wa kitanda. Watu walinyamaza wakidhani atasali. Hakusali. Alimwangalia mkewe usoni, akaanza kuzungumza, na sauti yake ilikuwa ikikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Keziah. Nilikuwa kwa Ormerod. Hester alikuja akaniita. Nilimsikia mara ya kwanza. Nilimsikia na mara ya pili. Reuben aliniambia niende. Sikwenda. Nilimwonea haya Hester kwa ajili ya aproni yake. Halafu nikapita hapo juu nikaona pazia, nikajua. Njia ilikuwa wazi. Nikapita." Akapumzika. "Na kazi hii Mudge alinipa kwa kuwa aliniona siku ya watoto. Sikukuambia."

Chumba kizima kilitazama sakafu. Mtu mmoja alikohoa. Kuna mambo ambayo watu wangependa zaidi mtu ayanyamazie, na hilo lilikuwa mojawapo. Amos aliona nyuso zao zikimkwepa moja baada ya nyingine. Waliokuwa wamemhurumia hawakumhurumia tena. Aliona, na hakuacha. Aliendelea kuongea mpaka wanaume walipokuja kuinua jeneza. Mwishoni alikuwa amefika kwenye kabichi. Alimwambia kabichi ya mwaka huu ni ndogo, na bei imepanda.

Bi Hester alikuwa dirishani. Hakulia, wala hakumshika mkono. Alisema tu, "Sasa ndiyo unaongea," akaanza kukusanya vikombe.

Amos aliishi miaka mingine. Alipata ufagio, akawa anafagia tope na samadi ya farasi pale barabarani, juu ya Kichochoro cha Tanuri, ili mabibi wavuke bila kuchafua pindo. Wanaomkumbuka sasa wanamkumbuka kwa maneno mengi. Alimwongelesha kila avukaye, mkubwa na mdogo, kuhusu theluji, kuhusu mbwa, kuhusu bei za sokoni. Wengine waliharakisha kumkwepa. Bi Hester alipita pale kila siku na kikapu chake, na Amos alimsalimu, na Bi Hester aliitikia salamu bila kusimama. Haikuwa zaidi ya hapo mpaka mmoja wao alipokufa.

Msafara wa maiti ukipita, mji mzima husimama. Wanaume huvua kofia, wenye magari huzuia farasi. Kila mara Amos Threadgold aliweka ufagio chini, akaketi kwenye jiwe la ukingo wa njia, mikono magotini. Watu waliona ni utovu wa adabu. Konstebo alimkemea zaidi ya mara moja, na siku moja bwana mmoja alimgusa kwa fimbo yake akamwambia asimame, ni maiti ya mtu wa heshima. Amos alimwangalia kwa ule uso wake.

"Naketi, bwana," alimwambia. "Niliambiwa niketi."

Akabaki pale chini, makalio kwenye theluji, anaongea peke yake kwa sauti ya chini, mpaka wote wakapita.